Aliyenyamaza Atazamwe Kwanza

Leo nakuomba tuingie pamoja mahali ambapo wengi wetu huingia tukiwa tumechanganyikiwa, hatuoni wala hatusikii: chumba cha dharura cha hospitali, Jumamosi usiku, kirikuu kimerudi kinyumenyume hadi mlangoni na watu wanapiga kelele wakitaka machela.

Tuseme wameletwa watatu. Dereva wa bodaboda amevunjika mguu, mfupa umetoka nje ya ngozi, anapiga yowe mpaka wagonjwa wa wodi ya jirani wameamka. Mama aliyekuwa amepakiwa nyuma amechubuka uso wote, gauni limelowa damu, analia akimwita mwanawe. Wa tatu ni kijana aliyekuwa akitembea kando ya barabara. Huyu hana damu. Amelala chali, macho nusu, na kooni anakoroma kidogo. Wasamaria wote wamemzunguka mwenye mfupa, wanamvuta muuguzi mkono: "Sista, huyu hapa, huyu anatufia!"

Muuguzi anayeijua kazi yake huwapita wote hao akaenda kwa yule kijana.

Watu hukasirika. Nimewasikia ndugu wa wagonjwa wakisema kwamba muuguzi hana huruma, amemwacha mtu mfupa uko nje akaenda kumshika asiye hata na mchubuko. Ndiyo maana nimeona tulizungumze jambo hili hapa redioni, kwa utulivu, kwa sababu usiku ule pale mlangoni hakuna mwenye nafasi ya kukaa akueleze.

Anayepiga yowe amekwishatujibu maswali makubwa kabla hatujamuuliza. Yowe linataka koo lililo wazi, mapafu yanayovuta na kutoa hewa, na ubongo unaopata damu ya kutosha. Mguu wake unauma mno, na anastahili dawa ya maumivu, gango, na baadaye daktari wa mifupa. Lakini muda anao. Anayekoroma hana. Mtu aliyepoteza fahamu akilala chali, misuli ya taya hulegea, ulimi ukaangukia nyuma na kuziba koo. Mkoromo wa majeruhi usiudhanie kuwa usingizi, ndugu yangu. Ni hewa inayopenya kwenye upenyo mdogo uliobaki, na upenyo huo ukijifunga ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu. Muuguzi huweka vidole nyuma ya pembe za taya akaisukuma mbele, huku kichwa na shingo vikibaki vimenyooka, maana bado hajui kama shingo ni nzima. Mwenzake anafyonza damu na matapishi kwa mashine. Mkoromo unakoma, kifua kinapanda na kushuka. Hapo haijatumika dawa wala kifaa cha gharama kubwa.

Utaratibu huu una hatua tano: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, na mwisho kumvua nguo majeruhi ili mwili wote uonekane. Zimepangwa hivyo kwa sababu ndivyo kifo kinavyokuja. Koo lililoziba huua upesi kuliko kifua kilichopasuka, na kifua huua upesi kuliko tumbo linalovujia ndani. Ukikuta tatizo kwenye hatua moja unalishughulikia hapohapo, hulipiti. Waganga wa jeshi la Uingereza, katika miaka ya 2000, waliongeza jambo moja juu ya yote: kama kuna mshipa unaorusha damu, uzuie huo kwanza, hata kabla ya koo, kwani mshipa mkubwa wa paja ukikatika mtu anaweza kuishiwa damu kabla hujamaliza kumtazama mdomoni.

Leo mambo haya yanaonekana ya kawaida, lakini hayana umri mrefu. Februari 1976, daktari wa mifupa aliyeitwa James Styner alikuwa akirusha ndege yake ndogo akiwa na familia yake, ikaanguka shambani Nebraska, Marekani. Mkewe alifariki dunia, na watoto wao watatu kati ya wanne waliumia vibaya. Alipofika na wanawe kwenye hospitali ya mji mdogo wa karibu, aliona kwamba waliokuwepo hawakujua waanzie wapi. Enzi hizo mafunzo yaliwazoesha madaktari kuchukua historia ndefu ya mgonjwa, kumpima kuanzia kichwani hadi miguuni, wafikie uamuzi wa ugonjwa, ndipo watibu. Kwa mtu mwenye homa utaratibu huo unafaa. Kwa mtu anayevuja damu ni kumchelewesha. Mwaka 1978 kozi ya kwanza ya utaratibu mpya ikafundishwa hukohuko Nebraska, na sasa umeenea duniani. Wauguzi nao wakajitengenezea kozi zao. Kwetu Tanzania, idara ya tiba ya dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mafunzo ya huduma za msingi za dharura yaliyotungwa kwa ajili ya vituo visivyo na mashine nyingi. Hayo ndiyo yanayonipa matumaini zaidi, kwa kuwa majeruhi wetu wengi huanguka mbali na Muhimbili.

Sasa tukae kidogo kwenye damu, kwa sababu hapo ndipo watu wanapodanganyika, na si ndugu wa mgonjwa peke yao.

Mtu mzima wa kilo 70 ana damu kama lita tano. Akipoteza robo tatu ya lita, huenda usione chochote zaidi ya wasiwasi kidogo. Akiendelea kupoteza, mapigo ya moyo yanazidi 100 kwa dakika, mikono inakuwa ya baridi, pumzi zinaongezeka. Ukimpima presha wakati huo, mara nyingi utaikuta ni ya kawaida kabisa! Mwili wa kijana mwenye afya hubana mishipa yake, mfano wa mtu anayebana kwa kidole mdomo wa mpira wa bustani: maji yanaendelea kuruka kwa nguvu ileile ingawa tangi linakwisha. Presha huanza kushuka pale anapokuwa amepoteza karibu theluthi moja ya damu yake yote, kama lita moja na nusu. Kwa hiyo muuguzi anayesubiri presha ishuke ndipo aite daktari amechelewa sana. Muuguzi mzuri humshika majeruhi mkono. Anahisi baridi, anahesabu mapigo, anabonyeza ukucha na kuuachia ili aone rangi inarudi kwa muda gani. Ikizidi sekunde mbili, anaanza kutafuta damu ilikokwenda.

Na damu ina mahali pengi pa kujificha. Sakafuni unaiona. Kifuani, tumboni, ndani ya fupanyonga na ndani ya paja huioni. Paja moja lililovunjika linaweza kumeza lita nzima bila tone kutoka nje. Fupanyonga lililopasuka linaweza kumeza zaidi ya hapo, na hapa nataka kusifu kitu ambacho hakikosekani katika nyumba yoyote ya pwani. Shuka, au kanga iliyokunjwa vizuri, ikizungushwa kwenye nyonga, usawa wa vile vifundo vya mifupa unavyovihisi ubavuni juu ya mapaja, ikakazwa na kufungwa, husaidia kulibana fupanyonga na kupunguza damu inayomwagika humo ndani. Watu wengi hukosea wakaifunga juu sana, kiunoni, ambako haisaidii.

Kwa mtoto hesabu ni kali zaidi. Mtoto wa kilo 10 ana damu kama mililita 800. Glasi moja tu ya damu ni robo ya uhai wake wote. Na watoto huvumilia kwa muda mrefu, wanaonekana wapo sawa, kisha wanaporomoka ghafla. Mama mjamzito naye anaweza kupoteza damu nyingi kabla dalili hazijaonekana, na mimba ikishapita wiki 20 akilazwa chali tumbo lenyewe hukandamiza mshipa unaorudisha damu moyoni. Muuguzi humwinamisha upande wa kushoto. Kitendo kidogo kama hicho kinaweza kurudisha presha bila dripu.

Iko dawa moja ambayo ningependa kila msikilizaji aijue kwa sababu inahusu saa yake ya mkononi. Inaitwa asidi ya traneksamiki, nayo husaidia damu iliyoganda isiyeyuke. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2010, uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kwamba inapunguza vifo vya watu wanaovuja damu. Lakini ina sharti: itolewe ndani ya saa tatu tangu ajali, na mapema zaidi ndiyo bora zaidi. Baada ya saa tatu inaweza hata kudhuru. Kwa hiyo muuguzi anapokuuliza, "Ajali imetokea saa ngapi?" usimjibu, "Muda si mrefu." Hakuulizi kwa ajili ya kujaza karatasi. Jibu lako ndilo litakaloamua dawa ile itolewe au isitolewe.

Kuna jambo jingine linalodharauliwa sana huku kwetu kwenye joto, nalo ni baridi. Utamwona muuguzi Dar es Salaam, mwezi Februari, anahangaika kutafuta blanketi la majeruhi, ndugu wanamshangaa. Mtu aliyepoteza damu hatengenezi joto la kutosha. Nguo zake zimelowa, zimekatwa kwa mkasi, yuko uchi chini ya feni, na mkononi anaingiziwa maji ya dripu yasiyo na joto la mwili au damu iliyotoka kwenye jokofu. Joto lake likishuka chini ya nyuzi 35, damu inaanza kushindwa kuganda. Damu isipoganda anazidi kuvuja, akizidi kuvuja anazidi kupoa, na tindikali inaongezeka mwilini. Mtego huo umewaua watu ambao majeraha yao yalitibika. Ndiyo maana hatua ya tano, ya kumvua nguo, inaambatana na kumfunika. Unamvua, unamgeuza watu wanne kwa pamoja ili mgongo usijipinde, unatazama mgongoni na makwapani, kwa sababu tundu la kisu hupenda kujificha huko, halafu unamfunika mara moja. Kumfunika kunamlindia joto na kunamlindia heshima yake pia, maana mzee aliyeletwa na wanawe hataki kulala uchi mbele yao hata kama anakufa.

Kifua sitakikalia sana, ila niseme hili. Hewa inaweza kukwama kati ya pafu na ukuta wa kifua, ikazidi kujaa kila anapovuta pumzi, hadi ikabana pafu na moyo. Upande mmoja wa kifua haupandi, mishipa ya shingo inavimba, majeruhi anahaha. Hali hiyo hutambuliwa kwa macho, masikio na mikono. Anayempeleka mtu huyo kwanza kupiga picha ya X-ray anaweza kumpoteza njiani. Muuguzi aliyeitambua anapaswa kupaza sauti, amwite daktari kwa ukali, wala asione haya kwamba yeye ni mdogo kwa cheo. Nasema hivi kwa sababu nidhamu ya kunyamaza mbele ya mkubwa imejengeka sana katika hospitali zetu, na katika chumba cha dharura nidhamu hiyo inaua.

Kuhusu fahamu, wauguzi wana kipimo kilichotungwa Glasgow mwaka 1974, chenye alama kuanzia 3 hadi 15, kinachotazama macho, usemi na mwendo wa viungo. Mwenye alama nane au chini ya hapo huhesabiwa kuwa hawezi kuilinda njia yake ya hewa. Lakini kabla ya alama, liko swali ambalo muuguzi humwuliza majeruhi akiwa amemshika mkono: "Unaitwa nani, baba, na nini kimekupata?" Akijibu kwa sentensi kamili inayoeleweka, ndani ya sekunde kumi umejua koo ni zima, pumzi zipo, damu inafika kichwani na akili ipo. Akijibu neno mojamoja akihema, umejua pia. Asipojibu, umejua zaidi.

Na alama ya mara moja haitoshi. Majeruhi wa kichwani aliyeongea vizuri saa tatu anaweza kuwa anapoteza fahamu saa nne, kwa kuwa damu inajikusanya taratibu ndani ya fuvu. Daktari amekuja, ameandika, ameitwa chumba cha upasuaji. Anayebaki ni muuguzi. Ni yeye anayerudi kila baada ya dakika 15 kupima mapigo, pumzi, oksijeni na presha, na kutazama mboni za macho kama zimekuwa sawa au moja imepanuka. Ni yeye anayepima sukari ya damu, maana si kila aliyezimia kwenye ajali amezimia kwa pigo. Wengine sukari ilishuka ndipo wakaanguka. Maisha mengi yameokolewa na namba ya pili iliyoandikwa chini ya namba ya kwanza, zikaonekana zinatofautiana. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu ya kazi isiyosifiwa kabisa, na ndiyo ya kwanza kuachwa pale zamu ya usiku inapobebwa na muuguzi mmoja mwenye wagonjwa arobaini. Tunamlaumu kwa kutotazama, wakati tumempa macho mawili tu ya kutazamia wote hao.

Hapa lazima niitaje PF3. Fomu hii ya polisi ina kazi yake: ni ushahidi, humsaidia majeruhi kudai haki yake mahakamani. Lakini haizuii damu. Majeruhi kuachwa kwenye benchi wakati ndugu yake ameenda kituoni kufuata karatasi ni jambo ambalo dhamiri yangu inalikataa kabisa. Atibiwe, na karatasi imfuate kitandani. Jirani zetu wa Kenya waliliandika jambo hili kwenye Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 43, kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Kuandika si kutekeleza, hilo wanalijua wao wenyewe, lakini angalau mwananchi ana pa kushikia.

Nawe uliye barabarani, unayefika kabla yetu sote, una kazi. Damu inayotoka ikandamize kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuchungulia kila dakika. Kitu kilichochoma na kubaki mwilini usikichomoe. Usimpe maji ya kunywa, hata akiomba, maana akitapika akiwa hana fahamu yataingia mapafuni, na huenda anakwenda kupasuliwa. Usimpake majivu, wala mafuta ya taa, wala dawa ya meno. Usimkunje kwenye bodaboda kati ya watu wawili kama unaweza kupata gari la kumlaza. Kama anapumua lakini hajitambui, mgeuze kwa ubavu, kichwa, shingo na mgongo viende pamoja, ulimi na matapishi vipate njia ya kutoka. Na utazame saa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka barabarani duniani, na zaidi ya tisa katika kila kumi ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachowaua zaidi ya barabara. Hawa ndio wanafunzi wetu na madereva wetu wa bodaboda.

Tanzania tumekwisha kuonyesha kwamba tunaweza. Mfumo wa m-mama unampokea mama mwenye dharura ya uzazi kwa kupiga 115 bila malipo, na pasipo na gari la wagonjwa anatafutwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa ampeleke. Naiomba Wizara ya Afya iwafikirie majeruhi wa barabarani kwa namna hiyohiyo. Naomba pia kila kituo cha afya kilichoko kando ya barabara kuu kiwe na muuguzi aliyepitia mafunzo ya dharura katika kila zamu, mashine ya kufyonza inayofanya kazi, oksijeni, na ile dawa niliyoitaja.

Na kwako msikilizaji ombi langu ni moja. Kama una umri wa miaka 18 hadi 65, uzito wako hauko chini ya kilo 50 na afya yako ni njema, nenda wiki hii kwenye kituo cha Mpango wa Taifa wa Damu Salama kilicho karibu nawe ukachangie. Mwanamume anaweza kurudi kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Muuguzi akishajua damu ya yule kijana imepotelea wapi, atafungua jokofu, na humo atakuta tu kile ambacho wewe na mimi tumekitoa.